Kichaka Kisicho na Kibali

Bonde la Rathbone,
Jumatano jioni, Februari.

Kwa Bi. Arvella Stamey,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kupendezesha Makaburi,
Kanisa la Kibaptisti, Bonde la Rathbone.

Mpendwa Bi. Arvella,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU HUKUMU ILIYOTOLEWA DHIDI YA KICHAKA CHA ILA FERN COGDILL

Natumaini barua hii itakukuta u buheri wa afya, na kwamba kikohozi kilichokutoa kwenye kwaya Jumapili iliyopita kimekuachia. Sisi hapa hatujambo, ukiacha nyonga ya bibi yangu Mamaw, na ukiacha jambo ambalo limenikalisha mezani badala ya kuosha vyombo.

Mimi ni Junia, binti Harl Rathbone, mwanafunzi wa darasa la nane. Najua unanijua, kwa sababu ulinifundisha Shule ya Jumapili na uliwahi kunitoa nje kwa kucheka. Lakini Mwalimu Presnell ametufundisha kwamba mwenye malalamiko hujitambulisha kwanza, hata kama anamwandikia shangazi yake, halafu hupanga malalamiko yake kwa namba, halafu humalizia kwa ombi ambalo mwandikiwa anaweza kulitimiza bila kuona aibu. Nimejitahidi kufuata yote matatu. Hilo la mwisho ndilo lililonipa taabu.

Jumapili, baada ya mahubiri, ulisimama mbele ukasoma azimio la kamati: kwamba kila kichaka cha porini kilichomo makaburini, ambacho hakikupandwa kwa idhini ya kamati, kitakatwa hadi chini kabla ya mwezi wa Machi, ili pawe pamependeza watu wetu watakaporudi kutoka Gastonia na kwingineko mwezi Juni kwa ajili ya Siku ya Kupamba Makaburi. Watu wakasema amina. Mimi pia nilisema amina, kwa kuwa baada ya mahubiri ya Mchungaji Teague amina hutoka yenyewe. Tulikuwa tumeshafika kwenye gari ndipo nikaelewa ni kichaka gani.

Ni kile kilicho pembe ya juu, karibu na uzio, mahali ambapo hakuna jiwe. Wazee wanakiita Maganda-saba, kwa sababu gome lake hubanduka ganda baada ya ganda, na kila ganda lina rangi yake. Chini yake amelala Ila Fern, mdogo wake Mamaw. Alizaliwa majani ya miti yakianguka, na hakuyaona yakirudi. Baba yao alikuwa mbali kwenye kambi ya wakata magogo, na mtu wa kuchonga jiwe hakuwepo, basi waliweka jiwe la kijitoni, nalo likazama ardhini kama mawe yanavyofanya. Mama yao akapanda kwenye ukingo juu ya kijito, akang'oa shina la Maganda-saba pamoja na mizizi yake, akalipanda kichwani pa mtoto. Hicho ndicho kitambulisho pekee alichonacho Ila Fern duniani. Kila Siku ya Kupamba, Mamaw huenda kwanza hapo, kabla hata ya kaburi la mumewe. Tukimwuliza, husema, "Papaw wenu atasubiri. Mimi nilimsubiri vya kutosha."

Tangu Jumapili Mamaw amehamishia kiti chake dirishani, upande unaotazama makaburi. Nikirudi kutoka shule, hata sijavua koti, ananiuliza, "Wameshakikata?" Nikimwambia bado, anashusha pumzi na kugeuza uso. Jana aliniuliza kabla hata sijafunga mlango. Bi. Arvella, mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini ilibidi niende kuangalia kuku.

Kwa hiyo nawasilisha malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. Kuhusu asili ya mshtakiwa. Nilipokufuata nje ya kanisa, uliniambia kwa upole, huku ukinifunga kifungo cha koti, "Junia, mpenzi, hilo ni gugu tu. Haidrenjia ni ile ya maua ya buluu, inayotoka dukani. Hili limejiotea huko porini." Nikakujibu kwamba hata hili ni haidrenjia, nimelisoma kwenye kitabu cha maktaba, tena ni ya hapa hapa milimani kwetu, na ni sehemu chache tu za dunia zinazoweza kusema hivyo. Ukasema, "Basi ndiyo maana."

Nimelifikiria jibu lako kwa siku tatu, na nadhani nimelielewa. Kosa la kichaka ni kuzaliwa hapa. Ile ya buluu asili yake ni Japani, imevuka bahari, na mgeni hupewa kiti. Silaumu. Lakini sijawahi kuona mgeni akipewa kiti kwa kumwondoa mtoto aliyekalia. Tena, kama kuzaliwa hapa ni kosa, sisi sote tumo hatiani. Akina Stamey wako bonde hili tangu kabla ya barabara. Akina Rathbone wako tangu kabla ya akina Stamey, ingawa najua kuna watu wanaobishia hilo na silitaji hapa ili kuleta ugomvi. Ingefaa kamati itangaze mapema ni ukoo upi utakatwa hadi chini kabla ya Machi, na ni upi utaachwa mpaka vuli, ili watu wajiandae.

2. Kuhusu kibali. Kamati iliundwa mwaka juzi. Kichaka kilipandwa Mamaw akiwa bado na meno ya utoto. Nina hakika mama yake angependa sana kukuomba idhini, lakini wewe ulikuwa hujazaliwa, na mama yako alikuwa anatambaa.

Isitoshe, kama kibali ndicho sharti, nina wasiwasi juu ya marehemu wenyewe. Jumatatu baada ya shule nilizunguka makaburi yote, na sikuona jiwe hata moja lililoandikwa kwamba aliyelala chini yake aliidhinishwa na kamati. Wengi wamejilaza tu. Wengine wako nje ya mstari. Na mmoja wao, niwie radhi, ni Mzee Lum Stamey, babu wa mume wako, ambaye kama kila mtu ajuavyo amezikwa miguu ikielekea magharibi, kwa sababu wachimbaji walianza kumkumbuka kwa chupa kabla hawajamaliza kuchimba. Siku ya ufufuo sisi wengine wote tutasimama tukitazama jua linapochomoza, na Mzee Lum atasimama akitutazama sisi, na itabidi mtu amguse bega. Mamaw husema, "Lum hakuwahi kutazama wenzake walikotazama, mumwache." Na kweli ameachwa. Kila Juni anaongezewa udongo, anafanyiwa tuta zuri, anawekewa maua kama wengine. Hakuna aliyewahi kupendekeza akatwe.

3. Kuhusu adabu ya majani. Shtaka hili nimelipata kwa Ndugu Dillard Mathis, ambaye ndiye anayeendesha mashine ya kukatia nyasi na ndiye atakayetekeleza hukumu. Alimwambia baba yangu dukani, nikisikia kwa masikio yangu: "Harl, kile kitu kinanitia hofu. Kiangazi, upepo ukivuma kidogo tu, kinageuka cheupe chote. Mara moja niliizima mashine, nikadhani kuna mtu kasimama pale."

Baba akamwambia, "Ungemsalimu, Dillard."

"Nilimsalimu! Ndicho kinachoniuma."

Shtaka lenyewe ni la kweli. Majani ya Maganda-saba juu ni ya kijani kama ya kichaka kingine chochote, lakini chini ni meupe kama fedha iliyosuguliwa, na upepo ukishuka kutoka mlimani huyafunua yote kwa mpigo mmoja. Wewe ulitufundisha Shule ya Jumapili kwamba msichana mwenye heshima haachi upepo uonyeshe alichovaa ndani, hata uvume namna gani. Nakiri kwamba kichaka hakikuhudhuria somo hilo. Lakini kosa la adabu hurekebishwa kwa mafunzo, na mwenye kosa hakatwi. Niko tayari, majani yatakapochipua, kwenda na uzi wa kijani na kuyashona yasigeuke, nikianza na yale yanayotazama barabara. Mamaw anasema mishono yangu ni mikubwa lakini inashika.

Kuhusu mtu kusimama pale, sina la kusema. Mamaw naye husema hivyo hivyo, isipokuwa yeye hasemi kwamba anaogopa.

Uliongeza pia kwamba mwaka huu kichaka kinaonekana kama ufagio uliotupwa, matawi makavu yameanguka kila upande. Nimekwenda kukiangalia, na hapo sina utetezi. Hata mimi sikujua kwamba huwa kinakuwa vile. Naomba tu kamati ikumbuke kwamba ni Februari, na wengi wetu hatuonekani vizuri.

4. Kuhusu nyuki. Ua la Maganda-saba ni bapa, kama kitambaa cha kufuma kilichoanikwa: punje ndogo ndogo katikati, na maua makubwa machache pembeni kama walinzi. Nyuki wanalipenda kupita kiasi. Kiangazi kilichopita mke wa binamu yenu wa Gastonia aliumwa akiwa na sahani mkononi, ikasemwa kuwa ni kosa la kichaka, ingawa watu wote waliokuwa kwenye meza ya chakula waliona kwamba aliyemuuma alikuwa nyigu, tena alitokea kwenye kuku wa kukaanga. Hakuna aliyesema kuku wakatazwe Siku ya Kupamba. Sidhani kama kungekuwa na kanisa baada ya hapo.

Kwa upande wa pili, haidrenjia za buluu mlizopanda getini hazijawahi kumuuma mtu. Hazijawahi pia kutoa ua. Zilikuja zimechanua, ni kweli, na tulizisifu, lakini tangu hapo ni majani matupu, ingawa kila vuli unazipogoa kwa mkasi. Wewe, kwa kuwa si mtu wa kukata tamaa, ulizifungia maua ya plastiki kwa waya, na napenda kusema kwa dhati kwamba yamestahimili vizuri, isipokuwa yamepauka upande wa barabarani. Nyuki hawaendi huko. Nadhani hawajaambiwa.

Napendekeza waambiwe. Kwetu nyuki huambiwa mtu anapofariki: mmoja wa nyumba huenda kwenye mizinga, anagonga, anawaeleza nani ameondoka, wasije wakaona wamedharauliwa wakahama. Kwa hiyo wamezoea kupokea taarifa rasmi. Baba mdogo Verlin ana mizinga mingi kuliko mtu yeyote bondeni, na nilipomwomba awasomee azimio la kamati na kuwaelekeza getini, alikubali. Alisema, "Nitawagongea, Junia. Nitawaambia kamati imeamua. Ila wakiniuliza kamati imewatilia nini ndani ya hayo maua, nitawajibu nini?" Nimemwambia nitaliuliza swali hilo kwa maandishi. Nauliza.

5. Kuhusu fadhila. Majira ya baridi ya mwaka ule wa theluji kubwa, Ndugu Dillard alilala sakafuni jikoni kwake na jiwe la figo, barabara imefungwa, anaita majina ya mitume na mengine. Alipelekewa chai ya mizizi ya Maganda-saba kutoka kwenye birika la Mamaw. Sisemi kwamba chai ndiyo iliyomponya. Daktari alisema baadaye kwamba mawe mengine hutoka yenyewe, na Mchungaji Teague alisema ni maombi ya Jumatano. Nasema tu kwamba hakuna aliyempelekea chai ya maua ya plastiki. Shukrani ya punda ni mateke, lakini angalau punda hana mashine ya kukatia nyasi.

6. Kuhusu Ila Fern mwenyewe. Hili ningelitanguliza, lakini Mwalimu Presnell anasema lililo zito liwekwe mwisho, msomaji akiwa ameshaketi vizuri.

Kichaka kikiondoka, hatutajua yuko wapi. Mamaw anajua sasa, kwa kutazama. Lakini mkiondoa alama, na nyasi zikishika, hata yeye atabaki kukisia, na mtu hawezi kupamba makisio. Jiwe kwa sasa haliwezekani, na hata lingewezekana Mamaw halitaki, maana alishaona jiwe moja likizama. Sijui Mamaw ana Siku za Kupamba ngapi zilizobaki, na sipendi kuhesabu. Ninachojua ni kwamba Juni hii atashuka kwenye gari, atashika mkono wangu upande wa nyonga mbaya, na atapanda moja kwa moja kwenye ile pembe ya juu. Nataka akifika akute kitu.

Kwa hiyo, kama kamati haitabadili msimamo, naomba niruhusiwe kusimama mimi mahali pa kichaka.

Ninazo sifa zinazotakiwa. Nina gauni la kijani lenye bitana nyeupe, na upepo ukivuma nitajitahidi lisigeuke. Sikuletwa kutoka dukani, lakini nimebatizwa, jambo ambalo kichaka hakiwezi kudai. Nimefanya majaribio nyuma ya ghala, na naweza kusimama bila kutikisika kwa muda wa wimbo mmoja wenye beti zote pamoja na sala fupi. Kwa mahubiri ya Mchungaji Teague sitoi ahadi. Mvua siijali. Nyuki nitawazoea. Wakati wa chakula naomba mtu aniletee sahani, na kama mama yako mkwe ataleta ile keki yake ya matabaka ya tufaha, nisisahauliwe, kwa kuwa sitaweza kuondoka kwenye nafasi yangu kwenda kujitetea.

Siku nyingine nitasimama baada ya shule hadi giza. Nikiolewa, itabidi nimpate mume anayekubali kuishi jirani na asiyeuliza maswali mengi. Nikizeeka, binti yangu atapokea zamu. Na nikifa, naomba nizikwe pale pale nikiwa wima, kichwa juu ya ardhi kwa kadiri sheria za kaunti zitakavyoruhusu, ili kazi isikatike. Naomba kibali cha hilo mapema, sasa hivi, kwa maandishi, ili kamati itakayokuja baada yenu isije ikasema nilijiotea tu.

Naona kwamba mpango huu una matatizo yake. Mama hajaambiwa. Lakini kila nikiupima dhidi ya azimio la kamati, naona una mantiki ile ile, ila umekwenda mbele kidogo.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Ombi langu, ambalo naamini unaweza kulitimiza bila kuona aibu, ni hili: mkiache kichaka kama kilivyo. Msikiguse. Msikate hata kitawi kimoja, wala kile kilichoinamia uzio. Hutalazimika kusimama tena mbele ya watu na kulifuta azimio. Najua hilo ni gumu, hasa mume wako akiwa amekaa benchi la mbele anatabasamu. Inatosha Ndugu Dillard apite upande wa pili na mashine yake, na sisi wengine tutatazama mlimani, na jambo litakuwa limekwisha kikristo. Nakujua, Bi. Arvella. Ulipanda yale ya buluu kwa sababu ulitaka wafu wetu wawe na kitu kizuri. Mimi nataka hicho hicho. Ndiyo maana nimekuandikia wewe, sikumwandikia mhariri wa gazeti, ingawa Mwalimu Presnell alinipa na anwani.

Nisalimie mume wako na goti lake. Nisalimie mama yako mkwe, na umwambie keki yake nimeitaja kwa heshima. Nisalimie Ndugu Dillard na umwambie hakuna chuki, na kwamba baba anamwuliza kama yule mtu wa makaburini ameshamwitikia. Nisalimie wanakamati wote, na kwaya, hasa sauti ya pili. Hapa nyumbani wanakusalimu baba, mama, baba mdogo Verlin ambaye amekuja kula, na Mamaw kutoka dirishani.

Ni mimi, niliyekuwa mwanafunzi wako na ningependa kuhesabiwa hivyo bado,

Junia Rathbone.

NYONGEZA. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii Mamaw aliponiita niisome kwa sauti, kwa kuwa anasema barua inayotoka nyumbani kwake bila yeye kuisikia ni sawa na kuku anayetagia kwa jirani. Nimemsomea yote. Kwenye namba ya pili alianza kucheka, na kwenye namba ya sita ilibidi nimshike, maana nyonga ilikuwa inamuuma na bado anacheka. Kisha akafuta macho akaniuliza, "Mtoto wewe, nani kakwambia sitaki wakikate?"

Bi. Arvella, inaonekana kichaka kile hukatwa. Hukatwa hadi usawa wa kifundo cha mguu, kila Februari, na anayekikata ni Mamaw mwenyewe, tangu mama yake alipomwachia mundu. Mimi sikujua, kwa sababu huenda nikiwa shuleni, na nimekuwa nikikiona Juni tu, kimejaa maua, nikadhani ndivyo kinavyoishi. Anasema ua la Maganda-saba hukaa kwenye chipukizi jipya, na tawi la mwaka jana kazi yake ni kuwashia jiko. Kisipokatwa hulegea na kuanguka, na mwaka huu bado hakijakatwa, kwa sababu ya nyonga. Amekuwa akiwaza tangu Krismasi atampata wapi mtu wa kumsaidia, na si mtu wa kuombaomba. Uliposoma azimio lako alidhani kwamba umeona mwenyewe, ukaamua kumtendea wema bila kumtaja jina mbele ya watu. Alitaka kukushukuru pale pale, lakini ulikuwa unakohoa.

Kwa hiyo naomba malalamiko namba moja hadi sita yahesabiwe kuwa hayakuandikwa, na azimio la kamati litekelezwe mara moja. Mamaw anasema kwa kweli mmechelewa.

Kuhusu yale ya buluu getini, amesema yasiguswe na mkasi hata kidogo, vuli wala sasa, maana hayo huchanua kwenye tawi la mwaka jana. Nilimwuliza kwa nini hakusema mapema, akasema, "Arvella hajaniuliza."

Jumamosi asubuhi atakuja mwenyewe kwenye gari la baba mdogo Verlin. Atakaa ndani, dirisha limeteremshwa, kwa sababu anasema Dillard akiachwa peke yake hukata kama mtu anayeua nyoka. Mashine ya nyasi ibaki nyumbani. Mundu tutakuja nao sisi. Tafadhali mwambie Ndugu Dillard aende polepole na asinizibe nisione, maana mwakani nitakata mimi, na bado sijui mkono wa mundu unaanzia wapi.